Siku moja Tongoni: namna ya kutembelea magofu bila kuyapita juu juu

Mgeni akifika Tanga na kuuliza pa kutembea, ataelekezwa Amboni kwenye mapango, Raskazone kuogelea, au Pangani kama ana gari. Tongoni hutajwa mwisho, tena kwa maneno ya kukatisha tamaa: "Kule kuna makaburi tu ya zamani." Ni kweli, ni makaburi, pamoja na msikiti mmoja usio na paa. Lakini ni makaburi kama 40 yaliyojengwa kwa mawe na chokaa, mengi yake ya nguzo, yaani yenye mnara wa mawe uliosimama juu yake, na hakuna mahali pengine kwenye pwani ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo kwa wingi huo.

Shida ya Tongoni ni udogo wake. Anayeingia bila mpango huzunguka robo saa, akapiga picha ya nguzo, akapiga picha yake mwenyewe mbele ya nguzo, kisha akaondoka akisema hakuna kitu. Mwongozo huu unataka ukae pale kwa muda wa saa tatu na usichoke. Nauli, maji ya kunywa na viatu nitavitaja, maana bila hivyo siku huharibika, ila sehemu kubwa ya maneno yangu ni kuhusu utaratibu wa kutazama: uanze na nini, ufuate na nini.

Kuchagua siku

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, na Januari na Februari, wakati wa kaskazi kabla mvua hazijaanza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za vijijini huwa tope, majani hupanda hadi kwenye magoti, na makaburi ya chini hayaonekani vizuri. Vuli haina adha kubwa. Unaweza kwenda, ila beba mwavuli.

Baada ya majira, tazama mwezi. Magofu yenyewe hayafikiwi na maji kupwa na kujaa, lakini nusu ya habari ya Tongoni iko baharini, na utataka kuiona bahari ikiwa imepwa. Siku za bamvua, yaani zinazofuata mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji katika pwani yetu hupwa sana kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 alasiri. Ukienda siku hizo utafika asubuhi na kukuta mchanga, matope na miamba iko wazi, kisha ukiwa unajiandaa kuondoka utaona maji yamerudi hadi kwenye mikoko. Siku za maji mafu hutaona tofauti kubwa. Kama hujui kalenda ya mwezi, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama simu.

Ijumaa inafaa, mradi ukumbuke kwamba mchana watu wa kijijini wako msikitini, na wewe ukitaka mtu wa kukuelekeza utasubiri. Mwezi wa Ramadhani pia unaweza kwenda, lakini usile wala kunywa hadharani katikati ya kijiji.

Na usiichanganye Tongoni na Amboni katika siku moja. Waongozaji wengi hupenda kuviuza pamoja, ila kimoja kiko kaskazini ya jiji na kingine kusini, na mtu aliyetoka kuinama pangoni saa mbili hana tena nguvu ya kutazama ukuta.

Vitu vya kubeba

Viatu vya kufunika mguu mzima. Ndala ni za kisima na bafu. Kwenye magofu kuna mbigili, vipande vya matumbawe vyenye ncha, na baada ya mvua kuna siafu. Suruali ndefu au sketi ndefu, kwa sababu ya adabu na kwa sababu ya upupu. Upupu ukikauka hupeperuka na upepo, na mtu aliyevaa kaptula atakumbuka safari hiyo kwa kujikuna. Akina mama na dada wabebe mtandio au kanga ya ziada. Ni makaburi ya Waislamu, na kijiji kinachoyazunguka ni cha Waislamu kwa sehemu kubwa.

Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu. Usitegemee kukuta duka mlangoni. Kofia. Daftari na penseli, nitaeleza baadaye kwa nini penseli. Simu yenye dira na ramani uliyoipakua kabla ya kuondoka. Noti ndogondogo, maana mwenye bodaboda wa kijijini akikuambia hana chenji husema kweli.

Kioo kidogo cha kukuzia, kile cha wanafunzi wa sayansi, si lazima, ila ukiwa nacho utafurahi.

Kwenda

Anayetoka Dar es Salaam asijidanganye kwamba atakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Dar hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300 kwa basi. Lala Tanga mjini, uanze asubuhi.

Kutoka mjini unafuata barabara ya Pangani kuelekea kusini, unapita Mwahako na Machui, na baada ya kilomita kama 17 hivi uko Tongoni. Barabara hii ni kipande cha ile ndefu ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, ambayo imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami. Kwa hiyo muda wa safari unategemea umekuta mafundi wako wapi.

Una njia tatu. Ya kwanza ni magari ya abiria yaendayo Pangani au Kigombe: mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Tongoni kwenye magofu, kisha umkumbushe ukikaribia, maana wengi wanaopanda wanakwenda mbali zaidi. Ya pili ni bodaboda au bajaji ya kukodi kwenda na kurudi. Hapa patana kabisa kabla ya kupanda: bei ya kwenda, bei ya kusubiri, bei ya kurudi. Mwambie dereva kwamba utakaa hadi saa 10 alasiri. Asiposikia hivyo mapema ataanza kupiga honi baada ya nusu saa. Ya tatu ni gari binafsi, ambayo haihitaji maelezo.

Mimi napendelea gari la abiria kwenda na bodaboda ya kijijini kurudi. Ukishuka barabarani unaingia kwa miguu, unapita kijijini, unasalimia, na ukifika kwenye magofu tayari watu wanajua umekuja. Panda mapema, saa 1 au saa 1 na nusu asubuhi. Saa 3 uwe umeshafika, kabla jua halijawa kali.

Kufika

Salamu kwanza. Ukimkuta mzee kibarazani, "Shikamoo mzee" kisha habari za asubuhi, ndipo uulize njia. Kuuliza njia kabla ya salamu ni kosa linalosamehewa kwa Mzungu tu. "Asalamu alaikum" nayo inapokelewa vizuri na yeyote.

Kuna kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza pale, lipa kwa namba ya malipo ya serikali ukipewa, na udai risiti. Kama kuna mwongozaji, mchukue. Hata ukiwa umesoma vitabu vyote, yeye ndiye anayejua kaburi lipi lina mtu anayelizuru na lipi halina.

Hilo ni jambo la kuzingatia. Ukikuta kwenye kaburi kitambaa, ubani, chupa ya marashi au sarafu, usiguse, usisogeze ili picha itoke vizuri, na usicheke. Watu wa pwani bado wana nadhiri zao, na pale ni kwao.

Kuna na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Maana yake, kigae cha chungu chenye ukubwa wa ukucha ulichokiona chini si chako. Ukikiokota na kukitia mfukoni umevunja sheria, na zaidi umeharibu ushahidi, kwa sababu mtaalamu hujua umri wa mahali kwa vigae vilivyoko hapo na kina vilimolala. Mwoneshe mlinzi, kiache palepale.

Kutazama: anza na kibla

Usianze na nguzo, hata kama ndizo zinazokuita. Ingia kwanza msikitini.

Toa simu, fungua dira, utafute kaskazini. Tanga iko karibu na longitudo ya 39 mashariki, na Makka iko karibu na 40. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayeswali anaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na ukuta wa kaskazini wa msikiti wowote wa zamani wa pwani hii ndio wa kibla. Ukishaujua ukuta huo, jengo zima linajieleza: safu za waumini zilipangwa mashariki hadi magharibi, imamu alisimama pale mbele, milango iko pembeni na nyuma. Simama ulipo mlango, tembea hadi mbele, uhesabu hatua. Utajua mji huu ulikuwa na wanaume wangapi wa kuswali kwa pamoja, angalau kwa kukisia.

Sasa toka nje na dira hiyohiyo uende kwenye makaburi. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kama kibla ni kaskazini, basi kaburi linalala mashariki hadi magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Tazama: yote yamelala hivyo. Ukishaliona hilo, rundo la mawe lililokuwa mbele yako linageuka safu zenye mpango. Kisha jiulize, kwa kila kaburi lenye nguzo, nguzo imesimama upande gani. Andika kwenye daftari. Usikubali jibu la mtu, hesabu mwenyewe.

Kisha ukuta

Chagua mahali ukuta umebomoka kidogo, pale ambapo lipu imeanguka na tumbo la ukuta liko wazi. Chuchumaa. Hapa ndipo kioo cha kukuzia kinapofaa.

Utaona mawe ya aina mbili. Yaliyo mengi ni matumbawe ya nchi kavu, yale magumu, yenye matundu na vipande vya kombe na konokono ndani yake, yaliyochimbwa ardhini na kupangwa bila kuchongwa sana. Aina ya pili ni laini zaidi, yenye vitundu vidogo vilivyo sawasawa. Hayo ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado hai. Yakitoka majini huchongeka kwa urahisi, kisha yakikauka hewani hugeuka magumu. Mafundi waliyaweka mahali pa heshima: kwenye mihrabu (kile kidaka cha imamu kwenye ukuta wa kibla), miimo ya milango, kona na mapambo. Kwa hiyo ukiona jiwe laini, ujue fundi alikuwa anataka jicho lako lipumzike hapo.

Kinachoyashika mawe ni chokaa, nayo pia ni matumbawe. Vipande vilipangwa juu ya tanuu ya magogo, vikachomwa hadi vikawa vyeupe na vyepesi, kisha vikaachwa muda mrefu vipate umande na mvua kabla ya kuchanganywa na mchanga. Nyumba zote za mawe za pwani zimejengwa hivyo, na kazi hiyo ilikula kuni nyingi sana. Ukitafuta kidogo utaona vipande vya mkaa ndani ya udongo wa chokaa yenyewe.

Tafuta pia mahali palipotengenezwa kwa saruji, kwa sababu ukuta wowote wa zamani uliookolewa kwa haraka huwa na kiraka. Saruji ni ya kijivu na haina ladha, na zaidi ya sura ina ubaya wake: haipumui. Unyevu na chumvi vikishaingia nyuma yake hukosa pa kutokea, na jiwe la zamani lililo jirani huanza kumung'unyika. Chokaa hupitisha unyevu. Ndiyo sababu wahifadhi wanaojua kazi yao wanarudi kwenye chokaa, ingawa inachelewesha kazi. Ukiona kiraka cha saruji kimebaki kizima huku mawe yanayokizunguka yamegeuka unga, umeona somo zima la uhifadhi bila kulipa ada.

Jambo moja zaidi kabla hujaondoka ukutani. Pima upana wa vyumba kwa hatua. Katika majengo ya mawe ya pwani vyumba ni vyembamba, mara nyingi mita mbili na nusu hadi tatu, hata kama ni virefu. Sababu yake haiko kwenye jiwe, iko kwenye mikoko. Paa lilikuwa zito, mawe na chokaa juu ya boriti, na boriti ya mkoko iliyonyooka haiwi ndefu zaidi ya hapo. Aliyetaka chumba kipana alilazimika kuweka nguzo katikati.

Sasa nguzo

Kaburi la nguzo ni kitu cha kwetu. Yako kuanzia Somalia, yanapita Mambrui na Malindi, yanafika Kunduchi na Kaole, na kusini zaidi. Ukienda Uarabuni au Uajemi hutakuta utaratibu wa kaburi la ukuta wa mawe lenye mnara uliosimama juu yake namna hii. Mengi ya hapa Tongoni yanawekwa katika karne ya 14 na ya 15.

Zunguka kila kaburi polepole. Utaona kuta zake za nje zimegawanywa katika visanduku, yaani vipande vya mraba au mstatili vilivyoingia ndani kidogo, kama mlango wa mbao wa Pangani ulivyogawanywa. Nguzo nyingi zimeanguka. Hilo linasikitisha, lakini lina faida yake: nguzo iliyolala chini inakuruhusu kuona kilele chake, ambacho kwenye nguzo iliyosimama hukifikii kwa macho. Tazama pia kama nguzo ni ya mraba, ina pembe nane, au imezungukwa na mikunjo. Usikanyage, usiketi. Mtoto akitaka kupanda, mshike.

Kisha tafuta vishimo vya mviringo, vyenye ukubwa wa bakuli, katika nguzo au kwenye visanduku. Hivyo vilikuwa na bakuli kweli. Watu wa miji hii walipachika vyombo vya kauri kwenye makaburi ya wakubwa wao: vingine vya kijani kutoka China, vingine vya buluu na nyeupe, vingine kutoka Uajemi. Vyombo hivyo vilikuja na upepo wa kaskazi kupitia bandari za Bahari ya Hindi, na aliyeweza kukizamisha chombo cha thamani kwenye chokaa, mahali ambapo hakuna atakayekula tena kwa kutumia chombo hicho, alikuwa anaeleza utajiri wake kwa kila mpita njia. Leo vishimo vingi ni vitupu. Kwenye magofu ya pwani kwa jumla vyombo vimevunjika, vimebanduliwa na wezi, na vichache vimewahiwa na makumbusho. Ukikuta kipande kimebaki kwenye chokaa, kitazame kwa macho. Hata kidole chenye jasho hakikifai.

Hesabu vishimo. Nikiwa na watoto huwapa kazi hiyo, na hapo ndipo wanaponyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Halafu bahari

Toka upande wa maji. Kama umechagua siku ya bamvua na umefika mapema, maji yatakuwa yamepwa. Utaona kilichoufanya mji huu uwepo na kilichoufanya uwe mgumu kwa wageni: mikoko, matope, na mbali kidogo miamba na mafungu yanayochomoza. Jahazi dogo linaloijua njia huingia na kukaa salama. Meli kubwa isiyoijua hukwama.

Ilikwama kweli. Tongoni ndiyo inayotambuliwa kuwa Mtang'ata ya zamani, na Aprili 1498, meli za Mreno Vasco da Gama zilipokuwa zinapanda kwenda Mombasa, moja yake, São Rafael, ilipanda fungu katika eneo hili usiku kabla ya alfajiri. Walisubiri maji yajae ili ielee. Wakati wanasubiri, wenyeji waliwaendea na vyombo vyao, na kimoja kilikuwa kimejaa machungwa. Mwandishi wa safari ile, ambaye hatumjui jina kwa hakika, aliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Mtu wa Muheza, kwenye michungwa, akisikia hivyo hashangai hata kidogo. Milima waliyoiona bara, ambayo ni Usambara yetu, waliipa jina la meli hiyo.

Mwaka uliofuata, Januari 1499, walirudi kutoka India wakiwa wamepoteza watu wengi kwa ugonjwa, wasitoshe tena kuendesha meli tatu. São Rafael ndiyo iliyotolewa mhanga: waliihamisha mizigo na kuichoma moto palepale. Ukisimama ufukweni, tazama mafungu yale na ufikirie mji wa watu waliouza machungwa wakitazama meli ya wageni inaungua. Hatuna maandishi yao wakieleza walionaje.

Bahari hii siku hizi imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki yule wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamewahi kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu. Kwa hiyo hata matumbawe ya leo, usivunje.

Kusikiliza hadithi

Sasa keti kivulini na mwongozaji au mzee wa kijiji. Nimeiweka hatua hii baada ya kutazama kwa makusudi: ukianza na hadithi, macho yako yatatafuta hadithi tu.

Utaambiwa kwamba mji ulijengwa na Washirazi, yaani wageni kutoka Uajemi. Utaambiwa pia, na mtu mwingine, kwamba hao Washirazi ni maneno tu, waliojenga ni Waafrika wa hapahapa. Wanaakiolojia wa miaka mingi iliyopita walielemea kwa wageni. Waliofuata walionesha kwamba miji hii ilikua kutoka kwenye vijiji vya Waafrika waliovua, waliolima na kufua chuma, kabla jiwe la kwanza halijapangwa. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu wa kale waliozikwa katika miji kadhaa ya Waswahili, Kenya na Tanzania. Ulionesha kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili: upande wa mama kwa sehemu kubwa Afrika, na upande wa baba kwa sehemu kubwa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo babu anayesema "Washirazi" hakutunga, na anayesema "Waafrika" hakutunga. Msikilize kila mmoja bila kumkatiza.

Uliza pia mji uliachwaje. Majibu hutofautiana, na mimi sitachagua moja. La hakika ni kwamba msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita hapa mwaka 1857 na kuandika kuhusu makaburi haya, yalikuwa tayari magofu.

Mpe mzee chochote mwishoni, kwa mkono wa kulia, na usimwoneshe kwamba unalipa. "Babu, hii ya sukari" inatosha.

Picha na mchoro

Jua la saa 6 mchana ni adui wa jiwe; visanduku na mikunjo yote hupotea. Piga picha kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10, mwanga ukitoka ubavuni. Kwa kila kaburi piga mbili: moja ya karibu, moja ya mbali yenye kitu cha kupimia ukubwa, hata chupa ya maji. Droni usirushe bila kibali. Si Tongoni tu, nchi nzima.

Penseli ni kwa ajili ya kuchora. Huhitaji kuwa msanii. Ukichora nguzo moja kwa dakika kumi utaona mambo ambayo simu haikukuonesha: mahali fundi alipopinda kidogo, mahali lipu ya pili ilipofunika ya kwanza. Kalamu ya wino huvuja kwenye joto, ndiyo sababu ya penseli. Usipake chaki wala maji kwenye maandishi au mapambo ili yaonekane, na usikwangue ukoga.

Kula na kurudi

Mchana pumzika kijijini. Ukiagiza mapema, asubuhi unapopita, unaweza kupikiwa wali wa nazi na samaki nyumbani kwa mtu kwa bei ya kupatana. Usipoagiza, kula ulichobeba: mihogo ya kukaanga na maandazi ya mjini hustahimili safari vizuri kuliko chipsi. Madafu tafuta palepale. Taka rudi nazo mjini.

Ondoka saa 10 au saa 11 jioni. Magari ya abiria kutoka Pangani hupita yakiwa yamejaa, na jioni hupungua, kwa hiyo usisubiri giza barabarani. Chukua bodaboda kijijini wakati mwanga bado upo. Ukifika mjini mapema, pita Deep Sea kwenye soko la samaki.

Ukipata siku ya pili na bado una hamu ya mawe, Kisiwa cha Toten kiko mbele ya jiji ndani ya ghuba, nacho kina magofu ya misikiti na makaburi. Tafuta mwenye mashua anayeaminika, na upange safari kwa kufuata maji.

Aliyeko Dar es Salaam asiyeweza kwenda Tanga aende Kaole, kilomita kama tano kusini ya Bagamoyo mjini. Utaratibu wa kutazama ni uleule: kibla, ukuta, nguzo, bahari, hadithi. Kaole ina misikiti miwili badala ya mmoja, ina makaburi ya nguzo, kisima, mbuyu mkubwa ambao utaambiwa uuzunguke ili uongeze umri, na jumba dogo la makumbusho lenye vitu vilivyopatikana hapo, ambavyo Tongoni havipo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Bandari yake ya zamani imejaa mikoko na mchanga, nayo inaonekana vizuri zaidi maji yakipwa. Kutoka mjini Bagamoyo nenda kwa bodaboda au baiskeli ya kukodi asubuhi, na kama miguu ina nguvu, rudi kwa kutembea. Mambo ya Ngome Kongwe na misheni ya Wakatoliki yaache kwa siku nyingine.